Kifuniko cha Kijivu

Saa nane na dakika kumi usiku Tollefson anamwingiza,
mkono mmoja kiwikoni mwa mtu, mwingine mlangoni,
na baridi ya Dakota inaingia pamoja nao bila kujisajili.
Namjua huyo mtu. Hapa Rugstad nani asiyejuana?
Verlyn Stroh, mkulima wa alizeti, aliyenikopesha jenereta
mwaka ule barafu ilipoangusha nguzo za umeme.
Leo pumzi yake imemtangulia.

"Arlys," anasema naibu sherifu, "nitolee damu yake."
Namuuliza, karatasi ya hakimu iko wapi?
"Karatasi gani? Mtu ananuka kama pipa."

Kunuka si karatasi.

Chumba cha nne, ng'ambo ya ukuta, yupo binti wa Schmaltz,
miaka kumi na tisa, mtulinga umevunjika mara mbili.
Nimetoka kumkata sweta kwa mkasi,
sweta aliyofumiwa na bibi yake,
na aliililia sweta kuliko alivyolilia mfupa.
Mama yake yuko koridoni, anasikia kila neno.
"Unamlinda?" ananiuliza. "Wewe? Yule?"

Nasema: simlindi mtu, nalinda mshipa.
Jibu baya. Nilijua ni baya likiwa bado mdomoni.

Basi tunangoja.
Simu ya hakimu Kuntz inaita, inaita,
na saa ya ukutani, ambayo miaka yote huchelewa,
leo inakimbia,
kwa kuwa pombe haimngoji hakimu avae miwani.
Ini la Verlyn linafanya kazi yake, halina upande,
linafuta ushahidi kidogo kidogo
kama mtu afagiaye sebule polisi wakibisha hodi.
Tollefson anaijua hesabu hiyo. Anatembea, anarudi.
Buti zake zinaacha vidimbwi vya theluji
ambavyo mimi ndiye nitakayevipangusa.

Sheria ni msumeno, husemwa, hukata mbele na nyuma.
Hakuna aliyenitajia mpini,
wala kwamba usiku wa zamu nitaushika mimi,
nimevaa glavu za zambarau.

"Nina haki ya kukataa?" Verlyn ananiuliza mimi, si naibu.
Unayo, mpaka karatasi ifike.
"Ikifika?"
Utanipa mkono.
Anaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa habari za mvua.
Kisha: "Nilidhani ni kulungu, Arlys, nilidhani—"

Nyamaza, Verlyn.
Una haki ya kunyamaza. Itumie. Mwite wakili.

Korido nzima ikatulia.
Tollefson akanitazama kama niliyemwaga kitu.
Mama wa binti hakunitazama kabisa.
Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye
au masikio yangu.

Saa tisa na dakika sita faksi ikakohoa.
Saini ya hakimu ilipinda, ya mtu aliyeandikia godoroni,
lakini ni saini.
Sikupangusa ngozi kwa spiriti; hapo spiriti hairuhusiwi,
isije ikasemwa kileo kilitoka kwenye pamba yangu.
Nikatumia iodini.
Mshipa wake ni wa mkulima, mnene kama kamba ya ng'ombe.
Damu ikaja bila ubishi.
Chupa mbili, vifuniko vya kijivu,
nikazipindua taratibu mara nane dawa ichanganyike,
nikabandika lakiri, nikaandika: saa tisa na kumi na moja.
Si saa nane. Saa iliyopo.

"Umemaliza?" akasema naibu.
Nimemaliza.

Maabara itajibu baada ya wiki mbili, pengine tatu,
na namba ile, iwe juu ya mstari au chini,
kuna nyumba itakayonichukia.

Nilirudi chumba cha nne kubadilisha barafu.
Binti alikuwa macho.
"Sweta yangu," akasema, "mmeitupa?"
Hapana. Vipande vyote viko mfukoni.
Nimeandika jina lako juu.